Mpe Jembe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu juma hili ni Luka 24:28–32. Wanafunzi wawili wamefika Emau jioni, na yule mwenzao wa njiani, ambaye bado hawajamtambua, anafanya kama anataka kuendelea na safari. Wanamshika wasimwachie: "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa, na mchana unakwisha." Maneno haya nimeyasikia tangu Shule ya Jumapili. Yaliniingia moyoni nikiwa na miaka 22, mahali ambapo mchana ulikuwa umekwisha kweli, na jua lisingeonekana tena mpaka Januari.

Nilikuwa Norway, kaskazini kabisa, upande wa Tromsø, katika chuo cha aina wanayoiita folkehøgskole. Ni chuo cha bweni ambacho kijana anakaa mwaka mmoja, Agosti hadi Mei, kabla ya kwenda chuo kikuu au kazini. Viko takriban 80 nchi nzima, na baadhi yake ni vya Kikristo. Wazo lenyewe lilitoka kwa mchungaji wa Denmark, N.F.S. Grundtvig, mtunzi wa tenzi nyingi za kanisa lao, na chuo cha kwanza cha Norway kilifunguliwa Hamar mwaka 1864. Sisi Watanzania si wageni kabisa wa jambo hili. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975, vilichukua mfano kwa jirani zao Wasweden.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna mtihani. Hakuna alama, hakuna divisheni, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Grundtvig alitaka shule ya uhai, watu wafundishane kwa kuzungumza ana kwa ana na kuishi pamoja. Baba yangu, mwinjilisti wa miaka mingi, aliniuliza kwenye simu, "Sasa mwanangu, utarudi na cheti gani?" Sikuwa na jibu. Kwa mtu aliyeuza ng'ombe wawili ili mtoto asafiri, swali lile lilikuwa la haki kabisa, na lilinikosesha usingizi wiki kadhaa.

Lakini lililoniumiza zaidi lilikuwa dogo kuliko hilo. Siku ya tatu tangu nifike, niliona jina langu kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni mwa bwalo. Zamu ya vyoo.

Ili mwelewe, lazima niwaambie nimetokea wapi. Nimekulia Mbulu. Kwetu Mnorway si mtu wa kusimuliwa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka huko ndio walioanzisha hospitali ya Haydom mwaka 1955, na utotoni niliwaona wakija usharikani kwetu. Mgeni wa Kinorway alikaa kiti cha mbele chenye kitambaa. Alichinjiwa kuku. Mama zetu walimnawisha mikono kwa maji ya moto, na sisi watoto tulifukuzwa tusimsumbue. Sikumbuki hata mmoja aliyeachwa abebe kiti chake mwenyewe.

Basi mimi, mgeni kutoka mbali, siku ya tatu napewa dekio na ndoo! Nililia chumbani. Nilihesabu hilo kuwa dharau, na kwa sababu ya rangi yangu nilifikiri nimejua dharau hiyo imetoka wapi. Sisemi kwamba ubaguzi haupo kule. Wenzangu wengine waliuonja, na si haki kuuficha. Ila siku ile nilikosea. Nilipofika chooni nimevimba, nilimkuta binti wa Kinorway amekwisha kupiga magoti, anasugua sakafu. Jina lake lilikuwa juu ya langu kwenye ratiba ile ile. Hakunisemesha, maana wao si wasemaji. Alisogea tu kidogo, akaniachia nafasi kando yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimeisikia mara nyingi ikitumiwa kumsema mgeni aliyekaa sana, kana kwamba jembe ni namna ya kumfukuza. Kule nilianza kuisikia tofauti. Mtu unayempa jembe umemwonyesha shamba. Umekubali kwamba mvua ikinyesha, na yeye atakuwa na mahali pake pa kupanda.

Vuli ikapita, giza likaja. Kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Saa sita mchana mbingu hupata rangi ya bluu kwa muda mfupi, kisha usiku unarudi. Wenyeji huweka dirishani kinara chenye mataa saba wakati wa Majilio, nyumba baada ya nyumba, na ukitembea kwenye theluji unaona ile mistari ya mwanga kando ya barabara yote. Ni jambo zuri sana. Hata hivyo mwili wangu ulikataa. Nililala mchana, nikakesha usiku, nikaacha kula. Chakula chao cha jioni ni mkate na vitu vya kuweka juu yake: samaki wa kopo, jibini ya kahawia inayoparuzwa kwa kisu maalumu mpaka itoke vipande vyembamba kama karatasi. Ni tamu kama maziwa yaliyochemshwa na sukari mpaka yakaungua. Mwezi wangu wa kwanza kule niliipenda. Desemba sikuweza hata kuitazama.

Mama mpishi aliona sahani yangu. Jioni moja alikuja mezani akaniambia, kwa Kinorway cha polepole nilichoweza kukifuata, "Kesho zamu ya jikoni ni yako. Tupikie mkate wa kwenu."

Nilipika chapati. Hapakuwa na kibao, nikasukumia juu ya meza ya chuma. Hapakuwa na mti wa kusukumia, nikatumia chupa ya sharubati. Dada mmoja wa Madagaska, mwenzangu wa mbali kuliko wote, alipaka mafuta na kukunja madonge, nami nikasukuma na kuchoma. Tulianza saa nane. Ya kwanza iliungua, ya pili ikapasuka, ya tatu ikavimba katikati kama inavyotakiwa, na ile harufu ikatoka jikoni ikaenda mpaka mabwenini. Vijana wakaja mmoja mmoja, na soksi zao za sufu, wakasimama mlangoni. Walipokaa, hawakujua waanzie wapi. Wengine walishika kisu na uma. Ikabidi niinue moja, niikate kwa mkono mbele yao, niwagawie.

Nikasimama na kipande mkononi. Luka 24 ikanirudia yote.

Angalieni aya ya 30, wapendwa. Nyumba si ya Yesu. Amekaribishwa, yeye ndiye mgeni. Kwa desturi mwenye nyumba ndiye anayeumega mkate. Lakini wale wawili wanamwachia mgeni autwae mkate, aubariki, aumege, awape. Macho yao yakafumbuliwa hapo. Njia nzima alikuwa amewaeleza Maandiko na mioyo ikawaka, lakini hawakumtambua mpaka mkate ulipokuwa mkononi mwake. Najiuliza: kama wangemketisha kiti cha mbele chenye kitambaa, wakamhudumia kwa heshima zote mpaka akalale, wangemjua?

Walipomaliza kula, kila mmoja alipita mbele yangu akasema "takk for maten", asante kwa chakula. Ndiyo desturi yao, humwambia kila aliyepika. Yule binti wa siku ya vyoo alipita mwisho. Alikusanya sahani, akaanza kuosha pamoja nami.

Januari wageni wapya walifika kwa wiki moja kututembelea. Mmoja alimwaga kahawa ukumbini, akatazama huku na huku, akaniuliza mimi ndoo zinakaa wapi. Nilimwonyesha bila kufikiri. Usiku, kitandani, ndipo nilipogundua nilichofanya.

Mtaani kwetu amehamia mama mmoja na watoto watatu, kutoka Kongo. Kwa wiki sita tumempokea vizuri: tumemsimamisha mbele ya usharika tukampigia makofi, tumempa soda. Bado anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Alhamisi nilikwenda kwake nikamwomba ashike zamu ya usafi wa Jumamosi pamoja nami, na wiki ijayo atuchagulie wimbo mmoja wa kwao kwa ajili ya kwaya ya akina mama.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Ndoo mnaweka wapi, mama?"