Leo sikiliza tu

Siku ya tatu leo, na bado nalitafuna neno moja la Kijerumani: nur. Nilikuwa na mengine ya kuandika, maana wiki imekuwa nene. Dada amejifungua salama, mtoto wa kiume. Kibali changu cha kukaa kimeongezwa mpaka mwisho wa Agosti. Na wale watoto wangu wa chekechea wameigiza hadithi yote ya hori bila kusahau ubeti hata mmoja. Yote hayo nimeyashukuru kwa magoti. Lakini nikifumba macho naona ngazi za mnara, na Babu wa Tuba, mzee wa bendi yetu anayepiga tuba, ile ala kubwa ya besi, amesimama mbele yangu.

Ilikuwa tarehe 24, saa tisa na nusu alasiri. Mkesha wa Krismasi bendi yetu ya kanisa, Posaunenchor wanavyoiita, hupanda mnarani kupiga nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana ili mji mzima usikie. (Bendi za namna hii Ujerumani iliziandika kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2016, Babu ameshaniambia hilo mara tatu, kwa fahari ile ile.) Siku hiyo ndiyo niliyoihesabia tangu Septemba. Huku Erzgebirge, milimani mashariki mwa Ujerumani, mwezi wa Desemba giza linaingia saa kumi, na karibu kila dirisha lina tao la mbao lenye taa, Schwibbogen. Waliniambia ukiwa juu unayaona yote kwa pamoja.

Nilivaa soksi jozi mbili. Kile kipande cha mdomo cha tarumbeta nilikiweka ndani kabisa, mfuko wa shati, kipate joto la mwili, kama Babu mwenyewe alivyonifundisha. Nikaweka mguu ngazi ya kwanza. Akanishika bega, akasema leo wewe unasikiliza nur.

Au alisema, leo wewe sikiliza nur?

Hapo ndipo ninapokwama. Nur ni kama "tu" yetu. Kuna "kaa tu" ya kumkaribisha mgeni, na kuna "wewe kaa tu" ya kumwambia mtu kwamba hahitajiki. Kwa Kijerumani inategemea neno limekaa wapi na sauti imepanda wapi. Chekechea huwa nasikia mwalimu akimwambia mtoto anayeogopa mlangoni "komm nur", njoo tu, na mtoto anaingia. Mimi niliambiwa ipi? Nimelisema neno hilo kwa sauti yake, peke yangu jikoni, labda mara hamsini, na kila nikilirudia linabadilika.

Sababu za kuniacha chini zilikuwepo. Jumapili ya nne ya Majilio, kwenye nyumba ya wazee, noti yangu ilipasuka mbele ya watu wote, pale pale palipokuwa kimya. Na mdomo wangu wa chini una ufa. Siku tatu tulipiga mara tano, hospitali, soko la Krismasi, kwa wazee, nje kwenye baridi, na mara ya mwisho nilifuta damu kwenye kitambaa nikakikunja haraka. Nilidhani hakuna aliyeona.

Nikajibu ndiyo. Nikabaki uwanjani na tarumbeta yangu kwenye begi, miongoni mwa watu na watoto wao waliobebwa mabegani, na sitaficha, nilikuwa nalia.

Kisha wakaanza.

Sauti inakawia kidogo kufika chini, halafu upepo unaichukua na kuirudisha. Babu aliwahi kunieleza kwamba kwenye nyuzi sifuri sauti inakwenda mita 331 kwa sekunde, na ndani ya chumba chenye nyuzi 20 inakwenda 343, ndiyo maana tarumbeta ikipoa inashuka, na ndiyo maana tunaipulizia pumzi ya moto kabla ya kuanza. Nikawa nasikiliza kama wameshuka. Walikuwa wameshuka kidogo, wote pamoja. Wimbo wa kwanza ukafika mwisho: sauti ya kwanza ikarudi kwenye do, wapigaji wa sauti ya tenor wakashika so, besi ikatulia kwenye do yake ya chini. Mi haikuwepo.

Hiyo mi ni yangu. Sauti ya pili tuko wawili, na mwenzangu alikuwa kitandani na homa. Mi ndiyo inayosema wimbo unacheka au unalia. Ikikosekana huwezi kujua. Tangu nikiwa na miaka kumi na moja niliamini sauti ya pili ni ya kujaza nafasi, maana ndiko walikowekwa wasiofika juu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sasa nimesimama kwenye theluji nasikia mahali pangu pakiwa wazi, juu ya mji mzima, mwisho wa kila ubeti. Machozi yakakauka yenyewe. Nilianza kuiimba polepole, mi, mi, na mama mmoja aliyekuwa kando yangu akageuka akatabasamu.

Babu alishuka wa mwisho, tuba mgongoni. Akaniuliza, "Na?" Nilitafuta maneno. Sol-fa niliyoizoea wenzangu hapa hawaitumii. Wao huita noti kwa herufi, na mi ya wimbo ule wanaiita H. Nikasema, "H haikuwepo."

Akanitazama. Akasema, "Eben." Akapita.

Eben nayo nimeiangalia kwenye kamusi. Ni "ndivyo hasa". Ni "sasa hivi". Ni "tambarare". Nimechagua ya kwanza. Kwa sababu alijua mwenzangu anaumwa, kwa hiyo alijua pengo litakuwepo, na bado akaniacha chini. Mtu hatoboi wimbo wake mwenyewe usiku wa Krismasi kwa ajili ya noti moja iliyopasuka Jumapili. Au alikiona kile kitambaa. Sijamuuliza, na nadhani sitamuuliza.

Asubuhi ya tarehe 25 nilikaa kwenye kiti changu kanisani na kila mi niliishika mpaka pumzi ya mwisho. Mdomo umevimba tena, lakini sijutii. Kesho yake, sikukuu ya pili, mwenzangu alirudi akikohoa, tukawa wawili, na palijaa kweli.

Sasa ni usiku, maduka yote yamefungwa tangu juzi, nje kimya. Mama alikuwa aende kupimwa macho tarehe 23. Jicho la kushoto, lile nililowaambia mwezi uliopita. Nimemuuliza daktari alisemaje, nimeuliza mara tatu, na mara zote tatu amenijibu kwa picha ya mtoto.