Kikosi apange kocha

Jumapili iliyopita mtaani kwetu kulikuwa na bonanza la kugombea mbuzi. Dakika ya 20 beki wetu wa kulia akapitwa mara mbili mfululizo, na watu wote tuliojipanga kwenye chaki tukaanza: "Toa huyo! Toa huyo!" Nami nilipaza sauti. Kocha akatuangalia, akamtoa. Dogo akaja kukaa kwenye nyasi, hatua mbili tu kutoka niliposimama, akafungua kamba za viatu taratibu. Hakuinua uso hadi mapumziko.

Baada ya mechi ndipo nikasikia kwamba winga aliyepaswa kurudi kumsaidia alikuwa ameumia enka, na kocha alikuwa anajiandaa kumtoa yeye. Tulifungwa matatu, yote kupitia upande ule ule.

Nimeliwaza jambo hili wiki nzima. Kule Uingereza, mwaka 2008, maelfu ya mashabiki walichanga pauni 35 kila mmoja kupitia tovuti ya MyFootballClub wakanunua sehemu kubwa ya hisa za Ebbsfleet United, klabu ndogo ya madaraja ya chini. Wazo la mwanzo lilikuwa wapige kura hata kupanga kikosi. Lakini kazi hiyo wakamwachia kocha, Liam Daish, na Mei mwaka ule ule timu ikabeba FA Trophy, kombe la klabu za madaraja ya chini, pale Wembley.

Bei ya tiketi, jezi, uongozi wa klabu: hapo sauti yetu isikike, tena kwa nguvu, maana sisi ndio tunaolipa na sisi ndio tunaolia. Ila mazoezini hatupo. Hatujui nani kaamka na homa.

Kesho nawahi uwanjani. Nataka nimwombe dogo radhi kabla hajavaa viatu.