Pindo la koa wa Kigombe

Mwezi wa nane nilifunga baraza langu la kushonea hapa Mbuyuni, Moshi, kwa siku tano, nikapanda basi la Tanga, halafu gari la Pangani hadi Kigombe, kumsalimia kaka yangu aliyeoa huko. Wifi yangu huchokoa pweza. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvua imekolea, na saa tatu asubuhi akaja kunigongea: "Wifi, vaa raba twende. Leo maji yanapwa mpaka mbali."

Sikupata pweza hata mmoja. Yeye alipata watatu. Nilichokipata mimi kilikuwa chini ya ukingo wa matumbawe yaliyokufa, ndani ya kidimbwi kinachofika magotini, na tangu siku ile sijaacha kukifikiria.

Urefu wake haukuzidi kidole gumba changu. Mgongo wa njano iliyopauka, una madoa ya zambarau, na kila doa limezungushiwa duara jeupe. Mbele pembe mbili ndogo, nyuma kishada kilichochanua kama ua. Kilikuwa kinatembea polepole juu ya jiwe, na hatua kwa hatua kinainua upande wa mbele wa joho lake na kulishusha, kinainua na kushusha, kama mtu anayejipepea kwa ncha ya khanga. Nilimwita wifi. Akainama, akatazama, akasema, "Dudu tu hilo. Haliliwi, liache." Nikaliacha, lakini kwanza nikapiga picha kumi na moja na video moja fupi.

Sisi watu wa Kibosho koa tunamjua. Ni wa masika, rangi ya udongo, anapanda mgomba usiku na kuacha ute unaong'aa asubuhi. Ilinichukua muda kukubali kwamba kile kidudu cha Kigombe nacho ni koa. Lakini ndivyo kilivyo: ni jamaa wa konokono, anaanza maisha akiwa na kigamba kidogo, halafu anakivua anapokua. Kile kishada cha nyuma ni matamvua, anapumulia hapo, nje nje bila kifuniko. Pembe za mbele si macho. Ni za kunusia, kwa hizo anatafuta chakula na mwenzake. Na rangi zake zina kazi. Hula sifongo, huchukua sumu iliyomo ndani yake na kuiweka kwenye tezi za ukingo wa joho, hivyo samaki aliyewahi kumwonja ana sababu ya kuzikumbuka rangi zile.

Haya niliyajua baadaye. Niliporudi Moshi kitu pekee nilichokitaka kilikuwa jina. Jioni, baada ya kufunika cherehani, niliweka picha kwenye programu ya simu inayotambua viumbe, ikanijibu mara moja: Goniobranchus kuniei. Nikatazama picha za kuniei. Madoa ya zambarau yapo, duara zipo, mgongo wa krimu upo. Nikaandika jina hilo nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, nikalala nimeridhika.

Binti wa dada yangu yuko kidato cha sita, anasoma baiolojia. Jumapili alipokuja nilimwonyesha. Alisoma kidogo kwenye simu yake akaniuliza, "Mama mdogo, huyu kuniei ni wa Pasifiki ya magharibi. Kigombe amefikaje?" Na kweli, hata jina lake linatoka huko: Kunié ni kisiwa cha Kaledonia Mpya, na aliyempa jina, Pruvot-Fol, alifanya hivyo mwaka 1930. Mnyama anaweza kufika mbali, sikatai, lakini swali la mtoto lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Tukaanza upya. Tulimfikiria annulatus, ambaye ni wa huku kwetu hasa. Alielezwa mwaka 1904 na Charles Eliot, yule yule aliyekuwa kamishna wa Waingereza Afrika Mashariki. Mimi nilimjua kwa habari za utawala tu, sikujua kwamba mtu huyo alikuwa akichunguza koa wa Zanzibar. Lakini annulatus ana madoa ya rangi ya machungwa, na amevalishwa pete mbili za zambarau, moja ikizunguka pembe na nyingine ikizunguka matamvua. Wangu hakuwa na pete. Tukamwacha.

Wa tatu alikuwa geminus. Nilipofungua picha zake nilikata tamaa, maana niliona madoa yale yale, duara zile zile, njano ile ile. Nilisoma mara mbili kabla sijaelewa tofauti iko wapi, na nilipoelewa niliona aibu kama fundi, kwa sababu ndicho kitu ninachokishika mikononi kila siku. Tofauti iko kwenye pindo.

Khanga ina mji na ina pindo. Mteja anapenda mji, yale maua makubwa ya katikati. Lakini mtu anayeleta doti mbili zilizochanganyika nimpindie, mimi sizitenganishi kwa mji. Nazitenganisha kwa pindo, kwa sababu viwanda hurudia mji uleule kwa miaka na kubadilisha ukingo. Koa hawa nao vivyo hivyo. Kuniei ana pindo la rangi mbili, zambarau na buluu. Geminus ana pindo la mistari zaidi: ndani njano iliyokolea, kisha nyeupe, kisha zambarau yenye kijivu, na mwisho kabisa, kwenye ncha ya joho, nyeupe tena. Mimi muda wote nilikuwa nikitazama madoa.

Sasa rudi kwenye picha zangu. Kumi na moja, na nyingi zimelenga mgongo. Nne zimekata ukingo. Tatu zimetikisika, kwa sababu ile tabia yake ya kupepea joho ndiyo iliyofanya pindo litoke na ukungu. (Kupepea kwenyewe hakunisaidia kuchagua, maana kuniei na geminus wote hufanya hivyo.) Picha ya tisa ndiyo iliyotulia. Niliikuza mpaka ikaanza kuvunjika vipande vya mraba, na pale ukingoni kulikuwa na weupe. Nikajizuia kufurahi. Saa nne asubuhi jua la pwani linapiga maji kutoka juu, na mng'ao wa jua juu ya kitu chenye ute nao ni mweupe. Nikatafuta upande wa pili wa mnyama, ule uliokuwa kivulini chini ya jiwe. Huko jua halikufika, na weupe ulikuwepo, mstari mwembamba ulionyooka, na ndani yake zambarau iliyofifia, na ndani yake tena weupe. Nilimpigia binti yule simu saa nne usiku.

Geminus alipewa jina na Rudman mwaka 1987, na makazi yake ni magharibi ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu. Maana ya jina ni pacha. Kurwa na Doto, mmoja huku, mwingine Pasifiki. Ukikuta mahali palipoandikwa Chromodoris geminus usihangaike, ni yeye. Ukoo huu ulipangwa upya mwaka 2012 na wengi wakahamishiwa Goniobranchus.

Nilifuta kuniei kwenye daftari, nikaandika jina sahihi na picha namba tisa pembeni. Halafu nikamtumia wifi ujumbe mrefu wa sauti, nikamweleza habari ya pindo tangu mwanzo hadi mwisho. Hakujibu siku ile.

Juzi, bamvua ya mwezi huu, simu iliita nikiwa na mteja. Nyuma yake nasikia maji na wanawake wenzake wakiitana. "Wifi, dudu lako liko hapa. Wawili, na kando yao utepe mweupe umezungushwa kama jongoo aliyejikunja." Mayai! Koa hawa kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, na mayai huyataga kwa utepe wa namna hiyo. Nikamwambia asiwaguse, na kabla sijamaliza akanikatiza.

"Nimeshatazama ncha. Nyeupe."