Siku moja na wamama wa metadoni

Saa 11 alfajiri niko kituoni nagombania daladala. Mimi ni mhudumu wa jamii hapa Dar, nafuatilia wajawazito wanaotumia unga, yaani heroini. Na kabla hujauliza, sikamati mtu na sigawi unga.

Saa 1 kliniki. Foleni, kikombe, mtu anakunywa metadoni, dawa ya kuchukua nafasi ya unga, mbele ya mhudumu anasepa, kesho tena, hata jumapili. Huduma hii ilianzia Muhimbili 2011, ni bure, na mpaka leo kuna watu wanasema tunawabadilishia ulevi tu.

Saa 3 maskani, wanapokaa watumiaji. Mdada ana mimba ya miezi kama mitano, anasema anajifungia ndani aache leoleo. Nikamwambia usithubutu mdogo wangu, arosto ya ghafla, yaani mateso ya kukosa unga, inaweza kutoa mimba au mtoto aje kabla ya siku zake, twende uanzishiwe dozi. Kasema atafikiria.

Saa 5 simu ya wodini. Mama mmoja wa kliniki yetu kajifungua juzi, jana dozi yake ya metadoni ililetwa, leo imesahaulika. Hapo ndo siku ikaharibika. Getini mlinzi kasoma kitambulisho changu kama anasomea mtihani. Ndani sista ananiambia "huyo teja wenu si ashazaa, aache sasa, au anataka kumnyonyesha mtoto madawa?" na mama mwenyewe yuko palepale anasikia, jasho, miayo, makamasi, na kichanga mikono inatetemeka, kinalia kisauti chembamba. Nikaeleza, sista, mtoto naye ana arosto, metadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, kunyonya ndo kunamtuliza, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, kelele zipungue, akizidiwa daktari atampa dawa. Sista kasema yeye si wa kuamua. Daktari yuko upasuaji. Katoka, anataka barua ya kliniki, boda kwenda, boda kurudi, kufika zamu imebadilika naanza upya na sista mwingine, na dozi yenyewe siruhusiwi kubeba mimi, lazima nesi wa kliniki ailete, naye yuko foleni ya Mandela Road...

Sijui ilikuwa saa ngapi mama alipokunywa dozi. Baadae mtoto kashika ziwa vizuri, nesi wetu kaacha maelekezo ya kesho kwenye faili, kwa herufi kubwa. Shangazi mtu katokea anataka kuchukua mtoto akamlee yeye, nikamwambia shangazi, shika beseni la nguo kwanza, mtoto abaki na mama yake.

Ripoti nimeiandika nimesimama kwenye daladala. Sehemu ya "changamoto" wameacha mstari mmoja.