Walibaki na nani?

Tangu turudi Ziwa Natron kuna neno alilolisema mama limenikaa kooni. Naosha vyombo liko, nachoma watoto chanjo liko. Jumatano barua yangu ya uhamisho wa kazi imetoka, Alhamisi usiku wifi kajifungua salama mtoto wa kike, na mimi bado niko kule kwenye majivu yaliyoganda, namsikia mama.

Safari yenyewe mnaijua, nimeipigia kelele humu tangu Pasaka: nimpeleke mama akaone ndege heroe, yaani flamingo, kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Tukapita Mto wa Mbu, tukapita Engaruka, vumbi hadi kwenye kope, mpaka mlima wa volkano Oldoinyo Lengai ukatokea mbele yetu umesimama peke yake. Mama aliuliza kama ile nyeupe kileleni ni theluji kama ya Kibo. Kijana aliyekuwa akituongoza akamwambia hapana mama, ni lava yake, hutoka nyeusi kisha hugeuka nyeupe ikikaa.

Ziwani kimya. Nimezoea maziwa yenye mitumbwi, dagaa wameanikwa na watu wanaitana, lakini kule unasikia upepo tu na ukoko wa magadi unaovunjika chini ya kiatu. Heroe walikuwa mbali, mstari mwembamba wa waridi. Inakadiriwa robo tatu ya heroe wote duniani wa ile aina yenye umbo dogo huzaliwa hapo, maana maji yale makali huwazuia fisi na mbweha wasifike kwenye viota. Mama alilipenda hilo. Akasema, "Basi wamechagua vizuri mahali pa kulea."

Halafu tukaenda kwenye nyayo, kusini mwa ziwa, karibu na kijiji cha Engare Sero. Zipo zaidi ya 400, za watu kama sisi, waliopita kwenye tope la majivu ya Lengai, tope likakauka likawa jiwe. Wataalamu wanasema ni kati ya miaka 5,760 na 19,100 iliyopita. Mwenyeji wa pale pale ndiye aliyeziona kwanza, kabla watafiti hawajafika na vipimo vyao. Mama alinishika bega akachuchumaa, magoti yakilia, akaangalia mmoja kwa muda mrefu. Kidole gumba kimezama, kisigino kimezama zaidi, na kati ya vidole tope limepanda kidogo, kama mguu umenyanyuliwa asubuhi hii. Sikuwahi kudhani jiwe linaweza kunipa hamu ya kumsalimia mtu.

Yule kijana akaeleza kwamba watu 17 walikuwa wakienda pamoja kuelekea kusini-magharibi, mwendo wa kawaida wa kutembea. Kwa kupima nyayo, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2020 waliona 14 ni wanawake wazima, wanaume wazima wawili na mvulana mmoja. Wanadhani walikuwa wanawake waliotoka kutafuta chakula, kama Wahadzabe wanavyofanya hadi leo.

Mama akauliza, "Na watoto wao wako wapi?"

"Hapa hawaonekani, mama. Labda walibaki nyumbani."

"Walibaki na nani?"

Kijana akatabasamu, hakuwa na jibu. Mama akanyanyua kidole, akanionyesha mimi bila hata kunitazama. "Na mtu kama huyu."

Basi. Akaomba chai.

Mnaosoma humu siku nyingi mnajua maana yake kwangu. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Mama alipokuwa akienda mnadani na mashoga zake, ndizi kichwani, kanga zimefungwa kiunoni, wanacheka mpaka kona ya mwisho, mimi nilibaki na wadogo zangu watatu, mmoja mgongoni. Darasa la nne nilirudia kwa sababu hiyo. Haijawahi kuzungumzwa nyumbani kwetu, hata siku moja. Na sasa analitaja mbele ya mgeni, kwa kidole, kama vile nilizaliwa hivyo! Njia nzima ya kurudi nililipindua lile neno. Alinisifu? Alinisema? Mbona hakunitazama? Kijana akasimulia habari ya Peninj, magharibi mwa ziwa, ambako Kamoya Kimeu aliokota taya la kale sana mwaka 1964, na mimi ambaye kwa kawaida ningemmaliza kwa maswali nikaitikia "ee" tu.

Ijumaa nikampigia, kisingizio kikiwa mtoto mchanga. Tukaongea uzito, tukaongea jina. Nikajua kinachofuata, maana wifi hana ndugu wa karibu na kaka yuko safarini: nani atakwenda kukaa na mzazi. Nikaanza kuhesabu likizo zangu kichwani kabla sijaombwa. Mama akasema, "Nakwenda mimi na mdogo wako. Wewe nimekataa usiambiwe. Wewe umeshakaa na watoto wangu wa kutosha."

Umeshakaa na watoto wangu. Watoto wangu! Aliyasema hayo huku anamfokea kuku aliyeingia jikoni, kisha salio likakata.

Nilikaa kitandani nikalia vizuri, kilio cha kushiba. Miaka yote hiyo alikuwa anaona. Pale Natron alizitazama zile nyayo, wataalamu wakahesabu waliopita, yeye akamtafuta yule ambaye hana unyayo pale kwa sababu alikuwa nyumbani na mtoto mgongoni. Na alipomtafuta akanipata mimi. Sasa nalirudia lile neno kwa raha, nalirudia hata wodini, na lile la kutonitazama nimeshalielewa pia: mama hajawahi kuweza kunitazama akiwa na jambo zito la kuniambia.

Ila usingizi bado hauji, safari hii ni mwanangu Junior. Yuko darasa la saba, ameshasajiliwa mtihani hapa, na mimi natakiwa kuripoti kituo kipya ndani ya siku 14. Nikimhamisha sijui namba yake ya mtihani itakuwaje, nikimwacha sijui alale kwa nani. Mwalimu wake kaniambia nirudi Jumatatu. Kama kuna aliyehamisha mtoto katikati ya mwaka wa mtihani, naomba aniandikie alifanyaje.