Kochi la Agosti: nilivyohamia nyumba mpya Madison

Binamu yangu wa Texas ndiye aliyenipoteza. "Ukifika Wisconsin nunua gari kwanza, nyumba zipo tele." Madison, mji wa Wisconsin nilikokuja kusoma chuo, si Texas, bwana. Mji umekaa kwenye shingo ya nchi kavu kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Chuo kipo upande mmoja na kilima chake cha Bascom, jengo la bunge la jimbo na kuba lake upande wa pili, katikati State Street. Unatembea robo saa, labda zaidi ukipenda kuchungulia maduka. Basi namba 80 linazunguka chuoni bure. Gari la nini? Jamaa wa darasani kwetu analo, na wakati wa baridi, jiji likitangaza dharura ya theluji, lazima usiku aliegeshe leo upande huu wa barabara, kesho ule, ili magari ya kuzoa theluji yapite. Kwa faini alizolipa angekuwa na ng'ombe wawili Shinyanga.

Hilo la nyumba ndilo lililonitia aibu. Karibu na chuo mikataba mingi inaisha 14 Agosti mchana, na mipya inaanza 15 Agosti mchana. Wenzako wanaanza kuwahi vyumba tangu vuli ya mwaka uliotangulia. Mimi nilitia saini Mei, nikaangukia chumba cha ghorofa ya tatu, ngazi tupu, na tarehe sikuisoma. Saa sita mchana nimerudisha funguo za zamani, nimeburuta mabegi hadi nyumba mpya, naambiwa: kesho.

Basi nikalala nje. Na nililala vizuri, maana siku hiyo mji mzima unatupa vitu barabarani: meza, taa, viti, friji ndogo. Wenyeji wanaiita Krismasi ya Mahipi, wale vijana wa zamani wa nywele ndefu. Nikaokota kochi la ngozi, zuri kuliko yote niliyowahi kumiliki. (Ngozi nasisitiza. Godoro usiguse hata likiwa jipya. Kunguni wa bure ndio ghali kuliko wote.) Nikalisukumia kwenye nyasi za nyumba mpya, mto wangu kichwani, mabegi miguuni, nikajiona mfalme.

Kwenye saa nane usiku nikasikia mtu anafungua begi. Nikapiga kelele ya "mwizi!" kwa Kiswahili safi. Alikuwa rakuni, yule mnyama mwenye uso kama kavaa barakoa, na mikono ana mikono kweli, si utani. Alikuwa keshaufungua mfuko wa dagaa wa Mwanza. Akanitazama, akaendelea kula. Mimi ndiye niliyehama, nikakaa ngazini hadi kulipokucha.

Mchana funguo zikaja. Nikamwomba jirani, kijana wa Kikongo kutoka Bukavu, tupandishe lile kochi. Ghorofa ya kwanza tukacheka. Ya pili tukanyamaza. Ya tatu likagoma mlangoni. Tukaligeuza, tukalisimamisha, tukang'oa miguu, tukang'oa hadi mlango wenyewe. Lilikosa upana wa vidole viwili. Jirani akasema, "Kaka, haukupima?" Sikupima. Siku hizi natembea na kanga yenye mafundo: fundo la kwanza upana wa mlango, la pili kona ya ngazi. Mwaka uliofuata niliipima nayo meza ya kusomea, nikaipakia juu ya ule ubao wa magurudumu wanaochezea vijana, nao wa kuokota, nikaisukuma mitaa sita peke yangu. Nyumba nzima nimeipamba kwa vitu vya kuokota; nilichotoa ni hela ya pizza tu ya jirani aliyenibebea.

Lile kochi tulilirudisha barabarani tulikolitoa. Jioni nikashuka kulitazama, limeshachukuliwa. Na mto wangu niliotoka nao nyumbani ulikuwa juu yake.