Siku moja maishani mwangu: kulima mwani kwenye majitaka ya kiwanda cha maziwa

Saa 12:00 asubuhi. Mwani ninaoulima ni ule mdogo usioonekana kwa macho, unaokua kwa kula uchafu wa majitaka. Kazi ya kwanza ni kupima oksijeni bwawani kabla jua halijachomoza. Bwawa ni la mzunguko, lina mita za mraba 1,000, na likijaa kina chake ni sentimita 30, yaani mita za ujazo 300. Gurudumu la makasia huyasukuma maji sentimita 20 hadi 25 kwa sekunde. Yakienda polepole kuliko hapo, mwani hutuama kwenye kona na kuoza. Usiku mwani hutumia oksijeni bila kuzalisha nyingine. Nikikuta miligramu 3 kwa lita alfajiri, naridhika. Ikiwa chini ya 1, jana bwawa lililishwa majitaka kupita uwezo wa mwanga wake, kwa hiyo leo nalipunguzia.

Saa 1:00. Tangi la kusawazisha. Kiwandani mabomba huoshwa kwa soda kostiki, kisha tindikali ya naitriki, kisha dawa ya klorini. Ndiyo maana maji yanaweza kuwa na pH (kipimo cha ukali wa tindikali au nyongo, 7 ikiwa katikati) 3 saa hii na 12 saa ijayo, na bila tangi la kuyachanganya hakuna mwani utakaodumu. Kutoka hapo hupita kwenye tangi la kuozesha lisilo na hewa, ambako mafuta na sukari huliwa na bakteria, yakabaki maji yenye amonia na fosfeti, chakula cha mwani.

Maji yaliyozidi wakati wa kuosha mitambo hayapiti huko, huletwa bwawani moja kwa moja. Hayo napima klorini kila siku, hata nikiambiwa ni safi. Miligramu 3 kwa lita katika mita za ujazo 50 ni gramu 150 za klorini. Kuiua kunahitaji fuwele za thiosulfeti ya sodiamu mara saba ya uzito huo, kama kilo moja. Hatua hii ikirukwa, mwani hupauka, na kuurudisha ni kazi ya wiki.

Saa 2:00. Kulisha. Jana alasiri nilivuna mita za ujazo 50, kwa hiyo kina ni sentimita 25. Nafungulia maji mapya mita za ujazo 10 kwa saa, hadi saa 7. Yana miligramu 120 za naitrojeni ya amonia kwa lita. Yakishachanganyika, bwawa zima huongezewa miligramu 20 kwa lita. Kulisha ni asubuhi, kamwe si jioni: mchana mwani hutoa oksijeni, bakteria huitumia kumalizia uchafu uliobaki, nao huurudishia mwani kaboni dioksidi. Ushirika huu ndio mhandisi William Oswald aliujengea mabwawa ya majitaka huko California miaka ya 1950. Ukilisha jioni, bakteria hubaki na chakula bila oksijeni, na asubuhi bwawa linanuka.

Saa 4:00. Hadubini. Natafuta Chlorella na Scenedesmus, aina mbili za mwani, za kijani kibichi, na zaidi natafuta rotifa, vidudu vinavyomeza mwani. Wachache wakiachwa siku tatu, maji ya kijani hugeuka rangi ya chai. Kisha nachuja mililita 50 kwenye karatasi iliyopimwa uzito, naikausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena. Ikiongezeka gramu 0.015, nina gramu 0.3 kwa lita.

Saa 7:00 mchana. Saa hii siondoki karibu na bwawa. Jua likiwa kali, mwani hunyonya kaboni dioksidi kwa kasi na pH hupanda. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 8, asilimia 5 hivi ya amonia ndiyo huru, yaani isiyo na chaji ya umeme. Ikifika 9, ni zaidi ya theluthi moja. Amonia huru ndiyo sumu. Basi valvu ya kaboni dioksidi, ambayo hushusha pH, hufunguka kwenye 8.2 na kujifunga kwenye 7.8. Kipimo cha pH kikiwa na utando wa mwani husoma uongo, kwa hiyo nakisafisha kila siku na kukilinganisha na bafa, vimiminiko vyenye pH inayojulikana, 7 na 10.

Sumu hiyohiyo ni dawa pia. Nikiona rotifa asubuhi, mchana naifunga valvu na kuiacha pH ipande hadi 9 kwa saa chache. Rotifa hufa kabla ya mwani, lakini usizidishe, na usifanye hivyo mwani ukiwa tayari dhaifu.

Saa 9:00 alasiri. Kuvuna, kabla usiku haujapunguza uzito. Shabu huugandisha mwani pamoja ili utuame. Kwanza nakijaribu kipimo chake kwenye mitungi mitano ya lita moja ya maji ya bwawa, shabu miligramu 50, 75, 100, 150 na 200: koroga haraka dakika moja, polepole dakika 15, acha dakika 30. Nachagua kipimo kidogo kinachoacha maji maangavu. Kikiwa 100, mita za ujazo 50 zinahitaji kilo 5. pH ikiwa juu shabu haishiki vizuri. Wengi huongeza shabu badala ya kushusha pH hadi karibu 7. Mavuno ni kilo 15 hivi za mwani mkavu. Una alumini ya shabu, na majitaka yakiwa na metali nzito, mwani huzikusanya mwilini, kwa hiyo haufai kuwa chakula cha mifugo bila kupimwa maabara.

Saa 12:00 jioni. Valvu ya kaboni dioksidi inafungwa. Gizani hupotea bure na kushusha pH. Gurudumu haliguswi, linazunguka hadi asubuhi.